Shule zilifungwa kwa ushahidi upi? Na janga likija tena, utaamini?

Mtazamaji
Wakuu, nauliza bila ushabiki. Mwaka 2020 shule zilifungwa karibu dunia nzima kwa sababu ya korona. UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, walihesabu wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 walioathirika. Tukaambiwa sayansi imesema. Leo wataalamu haohao wanatuambia watoto waliumia kimasomo. Siku wakisema tena "fungeni", utawaamini kwa lipi? Leteni hoja, matusi hapana.

Kisu Butu
Mimi walinipoteza kwenye futi. CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, iling'ang'ania wanafunzi wakae mbalimbali futi 6. Machi 2021 zikawa 3. Kirusi kilinunuliwa rula? Tena barua pepe zikaja kutoka hadharani: chama cha walimu cha hukohuko kilipendekeza maneno kwenye mwongozo wa CDC wa kufungua shule, na mengine yakaingizwa. Ndiyo sayansi hiyo. Walimu wenyewe mshahara unaingia wamejilaza, nani angetaka shule zifunguliwe?

Chaki Nyeupe
Kisu Butu, hebu rudia hapo kwenye "wamejilaza". Nimefundisha kwa simu iliyopasuka kioo. Wanafunzi 40 wananitumia picha za daftari zilizopigwa gizani, nasahihisha mpaka usiku wa manane. Bando ulininunulia wewe?

Mzee wa Takwimu
Mnatoka njiani mapema mno. Kitabu cha kufunga shule kiliandikwa kwa ajili ya mafua ya influenza, ambayo watoto ndio wasambazaji wake wakubwa. Korona ilipokuja ikafunguliwa ukurasa uleule, wakati ugonjwa huu watoto wengi uliwapitia juu juu na wazee ndio waliozikwa. Mimi sioni njama hapo, naona haraka. Hata kwenye mafua makubwa ya 1918, New York na Chicago hawakufunga shule, miji mingine ikafunga, na mpaka leo watu wanabishana nani alipatia. Kosa la wakubwa ni kusema "tunajua" walipopaswa kusema "tunadhani".

Kisu Butu
Mzee, asante kwa mhadhara. Chaki, picha za daftari ndiyo kazi ya kulipwa mshahara mzima?

Bila Jina
Uswidi hawakufunga hata shule moja, na mbona wapo.

Chaki Nyeupe
Walifunga. Wa sekondari ya juu walisomea mtandaoni kuanzia Machi 2020. Walioachwa darasani ni wadogo, chini ya miaka 16. Ukikariri, kariri yote.

Bila Jina
Haya mwalimu, nimekaa. Uganda je? Karibu miaka miwili, Machi 2020 hadi Januari 2022!

Chaki Nyeupe
Katikati baadhi ya madarasa yalirudi, yakafungwa tena Juni 2021. Lakini hapo sikubishii, walipitiliza.

Mama wa Watatu
Mwanangu wa pili aliondoka shule anasoma sentensi. Aliporudi alizitazama herufi kama mtu anayekumbuka sura, jina limempotea. Sikumlaumu mwalimu wake. Niliyemkasirikia ni yule wa kwenye redio aliyesema wiki chache, akarudi akasema wiki chache tena, kwa sauti ileile. Angesema "hatujui" ningejipanga. Nikawa nangoja.

Mtazamaji
Mama ameigusa mada. Naongezea: Machi 2020 WHO, Shirika la Afya Duniani, walitangaza kwamba korona haisambai kwa hewa, wakaja kulegeza baadaye. Shule ngapi zilisugua madawati kwa dawa huku madirisha yamefungwa?

Kisu Butu
Mtazamaji, tunaongelea mishahara.

Mtazamaji
Hatuongelei mishahara! Mada nimeileta mimi.

Kisu Butu
Ukishaileta si yako tena. Chaki, jibu swali rahisi: mshahara uliingia au haukuingia?

Chaki Nyeupe
Wangu uliingia. Wa rafiki yangu wa shule ya binafsi ulikatika mwezi wa pili, akaanza kushona barakoa. Sasa na mimi nikuulize. Wale watoto uliotaka warudi darasani wangerudi jioni kwa nani? Bibi yako alikuwa anaishi na nani?

Kisu Butu
Bibi yangu alifariki Julai 2021. Shule zimefungwa, wajukuu wote nyumbani, tumemzunguka. Usimwingize humu.

Chaki Nyeupe
Pole sana ndugu yangu. Sikujua.

Bila Jina
Ila si ndiyo hoja yenyewe? Shule zilifungwa na bado ugonjwa ukamfika.

Mzee wa Takwimu
Kifo kimoja hakithibitishi kufunga wala kufungua, kijana. Halafu soma umeambiwa nini hapo juu.

Bila Jina
Nimesoma. Nauliza tu, alikuwa na kisukari?

Kisu Butu
Nimesema asiingizwe.