Manispaa inatoa ruzuku ya kuimarisha kikundi halafu inakataza kumlipa mtu yeyote wa kikundi, hii ni akili kweli?

Wakuu salama? Mods naombeni msiuhamishe huu uzi kwenye jukwaa la burudani kisa mmeona neno utamaduni, hili ni suala la hela za umma na wahusika wanapita humu kila siku wanasoma kimya kimya, nataka waukute.

Mimi ni mweka hazina wa kikundi kidogo kisicho cha faida, tunafanya ngoma na maigizo halafu tuna darasa la jioni la kusoma kwa watoto. Kikundi sikitaji wala manispaa siitaji kwa sababu bado tunaidai. Na sisi wenyewe tunadaiwa kwa ajili ya deni hilohilo, nitafika huko.

Ilikuwa hivi, manispaa ikatangaza ruzuku za kuziimarisha taasisi ndogo za kijamii na kitamaduni ziweze kujisimamia. Tukasema safi, hapa ndipo penyewe, maana sisi watu wanatujua, maonyesho yanajaa, watoto wapo, hatujawahi kukosa wa kuwahudumia. Tunachokosa ni mtu hata mmoja anayelipwa kukaa chini ajibu simu, aandike hesabu, afuatilie vibali, azungumze na wazazi, yote hayo sasa hivi yanafanywa usiku na mtu ambaye ametoka kwenye kibarua chake kachoka. Basi tukafungua mwongozo, na huko ndani kabisa ambako hakuna anayefika tukakuta kwamba fedha za ruzuku hazitalipa mishahara, hazitalipa posho za viongozi, na kodi ya pango, umeme na "gharama nyingine za uendeshaji" zote kwa pamoja zisizidi asilimia kumi. Zilizobaki zote ziende kwenye "shughuli".

Sasa mnisaidie jamani. Taasisi ukiitoa watu wake, chumba chake na daftari lake la hesabu kinabaki nini cha kuimarisha, bango? Maana bango linaruhusiwa, tena ni lazima, lina nembo ya manispaa na vipimo wameshakupangia. Fulana ruksa. Semina ya siku moja ukumbini ruksa, ndio wanaita kujengewa uwezo, na mtoa mada analipwa vizuri tu kwenye fungu hilohilo. Yaani mgeni anayekuja asubuhi kutufundisha kutunza hesabu na jioni kaondoka analipwa, ila mwenzetu anayezitunza hizo hesabu mwaka mzima huyo akilipwa ni matumizi mabaya ya fedha za umma!

Na mnajua kinachofuata, kila kikundi kinajifunza kuongopa. Mtu wa hesabu anaandikwa "mratibu wa shughuli", kodi ya chumba inageuka "ukumbi wa mazoezi", umeme unaingizwa kwenye "vifaa vya jukwaa". Afisa anajua, mkaguzi anajua, kila mtu anatabasamu na muhuri unapigwa. Halafu mwakani takwimu zikikusanywa zinaonyesha vikundi vinajiendesha kwa gharama ndogo ajabu, kwa hiyo hakuna sababu ya kuongeza ile asilimia.

Hili wala halijagunduliwa na mimi mweka hazina wa usiku. Mwaka 2009 Wamarekani wawili, Ann Goggins Gregory na Don Howard, walilieleza vizuri sana wakaliita mzunguko wa njaa: mfadhili anakuwa na matarajio ya ajabu kuhusu gharama za uendeshaji, taasisi ikiogopa kunyimwa inajibana na kuandika pungufu, mfadhili akisoma ripoti anaamini kumbe inawezekana, anabana tena, na inaendelea hivyo mpaka taasisi inabaki na kompyuta mbovu na watu wasio na mafunzo wala mshahara wa maana. Serikali kuu ya Marekani nayo kwa miaka ilikuwa inazikubalia taasisi ambazo hazijajadiliana nayo kiwango chao asilimia 10 tu kwa ajili ya gharama za nyuma ya pazia, yaani za ofisi na uendeshaji, na kuanzia Oktoba 2024 wakapandisha ikawa 15. Na muangalie, hiyo 15 ni ya zile gharama za nyuma ya pazia peke yake, mshahara wa mtu anayeufanya mradi wenyewe unaingia kwenye mradi kama kawaida. Sisi tumekopi ile namba kumi tukaacha maelezo yake yote, ndio tunavyopenda kukopi.

Haya tuseme hilo umelimeza, umesaini. Njoo kwenye kulipwa sasa, hapa ndipo damu inachemka.

Ruzuku ni ya marejesho. Unatumia kwanza hela yako, unakusanya risiti, unapeleka, wanahakiki, ndio wanakurudishia. Kikundi ambacho manispaa wenyewe kwenye andiko la maombi wamekubali kwamba hakina akiba, na ndio maana kinastahili ruzuku, kinatakiwa kitoe hela zote mfukoni kwanza. Ni sawasawa na kumwambia mgonjwa athibitishe amepona ndio apewe dawa. Mkataba umesaini na tarehe ya onyesho imeshapangwa na ukumbi, ukirudi nyuma unafungiwa usiombe tena, kwa hiyo tukakopa. Riba ya mkopo hairudishwi, mwongozo umesema wazi, riba ni juu yako. Kwa hiyo ukipiga hesabu vizuri, kikundi maskini ndicho kinachoikopesha manispaa, na riba kinalipa chenyewe!!

Onyesho tukafanya, watu wakajaa, afisa akaja akapiga picha akaondoka nazo. Tukapeleka risiti. Faili likarudi, risiti ya mwenye gari lililobeba ngoma haina namba ya mlipakodi. Tukamtafuta mwenye gari, akatuandikia nyingine, faili likarudi tena eti tarehe ya risiti mpya haifanani na tarehe ya safari. Itafananaje wakati nyie ndio mmedai risiti mpya? Tukaandika barua ya maelezo. Ikakaa. Ukienda yule bwana wa masijala anasema ipo kwa mhasibu, mhasibu anasema ipo kwa mkaguzi wa ndani, mkaguzi wa ndani yupo kwenye semina (ya kujengewa uwezo, nyie chekeni tu). Danadana hiyo ikaenda mpaka mwaka wa fedha ukafunga, tukaambiwa kwa upole kabisa kwamba fungu lile limeshafungwa, tusubiri bajeti ya nyongeza kama itapita. Yaani wamechelewa wao, adhabu tunakula sisi.

Kabla hamjasema ndio shida za manispaa zisizo na hela, jiji la New York lina hela na lina kompyuta, lakini mashirika yasiyo ya faida yenye mikataba nalo yalikuwa yanafanya kazi kwanza na kusubiri malipo, mpaka ikabidi ofisi ya meya na ya mdhibiti wa hesabu ziwe na kikosi kazi cha pamoja, na mwaka 2022 jiji likatangaza kufungua zaidi ya dola bilioni 4 zilizokuwa zimekwama kwenye makaratasi ya mikataba. Bilioni. Ile ni mikataba ya huduma sio ruzuku za ngoma, sawa, ila ugonjwa ni uleule, karatasi inatembea taratibu kuliko kazi na anayebeba gharama ya kusubiri ni mwenye mfuko mdogo.

Tofauti ni kwamba mashirika makubwa yanaweza kukopa benki yakavuka. Na hapa ndio mtajua nani hasa anaimarishwa na hizi ruzuku. Masharti yanataka hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, bima, na mchango wenu wa fedha taslimu sawa kwa sawa na ruzuku, halafu masaa ya watu wanaojitolea hayahesabiwi kama mchango. Kikundi kinachoishi kwa kujitolea mchango wake mkubwa ndio huohuo, na ndio huohuo wameupa sifuri! Mkaguzi wa nje wa hesabu bei yake inakaribia kuimeza ruzuku yenyewe ya kikundi kidogo. Kwa hiyo anayefuzu ni yule mwenye ofisi, mwandishi wa maandiko wa kudumu na mhasibu, ambaye hata msingepeleka senti angeishi. Mkono mtupu haulambwi, tumeelewa, lakini basi msiandike kwenye tangazo "taasisi ndogo" mkatupotezea muda.

Halafu kuna ugonjwa wa "ubunifu". Kila mwaka andiko linataka wazo jipya. Darasa la kusoma limefanya kazi, watoto wanasoma, wazazi wanaomba liendelee, ukiliombea mwaka wa pili unaambiwa hili tulishafadhili, leteni kitu kipya. Sasa mtoto aliyefika nusu ya kujua kusoma nimwambie nini, mwaka huu kuna mradi wa kuchora ukuta? Matokeo mji unajaa miradi ya mwaka mmoja mmoja, kila mmoja una bango lake na picha ya uzinduzi, na hakuna hata kimoja kilichosimama miaka mitano. Wakati San Francisco tangu 1961 wanachukua sehemu ya kodi ya vyumba vya hoteli wanazipa taasisi za sanaa fedha za uendeshaji wa jumla, lipa kodi ya pango, lipa mtu, lipa umeme, fanya kazi yako. Mpango umezeeka kuliko wengi tuliopo humu. Sisemi huko ni peponi, nasema kinachosemwa kwetu hakiwezekani kinafanyika mahali tangu babu zetu ni vijana.

Na hata ukikubaliwa usijisahau, maana bajeti ikiyumba utamaduni ndio unakatwa wa kwanza. Birmingham kule Uingereza, Septemba 2023 halmashauri ikatangaza haiwezi kumudu matumizi yake, na kilichofuata ni kupunguza nusu ya ruzuku za taasisi za sanaa ilizokuwa inazifadhili mara kwa mara halafu mwaka unaofuata kuzifuta kabisa. Taasisi iliyotegemea chanzo kimoja na haikuruhusiwa kuweka akiba inatoka wapi hapo? Maana kwetu akiba nayo marufuku, senti ikibaki inarudishwa. Ukibana matumizi vizuri unanyang'anywa ulichobana, ukitumia hovyo hadi sifuri wewe ndio mwaminifu.

Kuhusu alama wanazoyapa maandiko ya maombi sina la kusema sana. Hazitolewi. Unapata barua ya mistari miwili, "ushindani ulikuwa mkubwa". Nani alipata ngapi, nani alikaa kwenye kamati, siri. Ni hela zetu lakini siri.

Ninachotaka sio muujiza. Mlipe nusu au zaidi siku mkataba unaposainiwa, iliyobaki baada ya ripoti. Ruzuku ndogo itakiwe taarifa ya benki na hesabu zilizosainiwa na kikundi, ukaguzi kamili wapelekewe wanaochukua mafungu makubwa. Masaa ya kujitolea yahesabiwe. Kiwekwe kipengele kwamba manispaa ikipitisha siku kadhaa bila kujibu risiti, risiti zimekubalika na fedha zinabebwa kwenda mwaka unaofuata, maana sisi tukichelewa ripoti siku moja mnatufungia. Na mruhusu mshahara wa mtu mmoja, mmoja tu, kwa miaka mitatu mfululizo, muone kama kikundi hakitasimama. Porto Alegre kule Brazili kuanzia 1989 wananchi wa kawaida walikuwa wanakaa kwenye mikutano wanapanga bajeti ya jiji lao ielekee wapi, sisi tunashindwa hata kuonyeshwa alama za andiko letu wenyewe?

Tuliwahi kuyasema haya kwenye kikao cha wadau, ofisa mmoja akajibu "mngekuwa na moyo wa kujitolea msingedai mishahara". Yeye alisema hayo akiwa kazini, kwa mshahara, na posho ya kikao juu.

NYONGEZA: Naona mkuu hapo chini anasema vikundi vingi ni vya mfukoni, watu wanakula hela ndio maana masharti yamekaza. Kweli vipo, hata mimi navijua. Sasa niambie mkuu, kikundi cha mfukoni kinakwamishwa na nini hapo? Risiti wanazinunua, mkaguzi wanaye wao, picha ya bango wanapiga dakika kumi. Haya masharti yanamkamata anayeleta risiti halisi ya mwenye gari asiye na mashine ya risiti, mwizi anapita na faili safi kabisa. Mnaotaka kuwakamata nendeni mkaone darasa jioni, mhesabu watoto, muwaulize wazazi. Hakuna afisa aliyewahi kuja jioni.

Na yule aliyeuliza kwa nini tusiache tu ruzuku tuchangishane wenyewe, tunachangishana tayari, ndio tunavyoishi. Ila kodi tunalipa kama wengine na fungu lilishapitishwa kwenye bajeti kwa ajili ya vikundi kama sisi, sioni kwa nini nimwachie mwenye bango.

Sasa naomba msaada wa kweli, matusi wekeni pembeni kidogo. Kama kuna mtu humu amewahi kulipwa marejesho ya mwaka wa fedha ulioshafungwa, aniambie barua aliielekeza kwa nani, mkurugenzi au mweka hazina wa manispaa, maana kila mmoja ananituma kwa mwenzake, na kama kulikuwa na kifungu cha kanuni alichokinukuu akiweke hapa, jioni hii naandika.