Mswada wa Fedha ulikufa 2024. Mbona mshahara wangu haujafufuka?

Jamani, nimechoka. Nayaandika haya nikiwa kwenye feri ya Likoni, Mombasa, na msinicheke nikisema feri ndiyo huduma pekee ya serikali ninayoipata bure, kwa vile navuka kwa miguu. Wakiisoma hii watatafuta namna ya kutukata hapa pia.

Leo tumepewa karatasi za mshahara. Mimi ni shilingi 38,000 kabla ya makato, na ilikuwa 38,000 mwaka 2022. Wakati ule NSSF, mfuko wa uzeeni, ilikuwa 200 na bima ya afya 950. Jumla 1,150. Sasa NSSF ni 2,280, SHIF, bima mpya ya afya, 1,045, na makato ya nyumba za serikali ambazo mimi sijawahi hata kuonyeshwa mlango wake, 570. Jumla 3,895. Yaani kila mwezi narudi nyumbani kwangu na 2,745 pungufu. Hiyo ndiyo ilikuwa gesi na unga. Tajiri naye anakatwa yake juu ya wafanyakazi wake, basi akatugeuzia sisi: ovataimu imekufa, chai ya saa nne imekufa.

Najua atakuja mtaalamu hapa aniambie NSSF ni akiba yangu ya uzeeni, na kwamba tangu Desemba 2024 makato ya nyumba na SHIF hutolewa kabla ya kupigwa PAYE, ile kodi ya mshahara, kwa hiyo kodi imeshuka. Sawa, bwana. Imeshuka. Nenda ukamweleze mwenye duka, yeye ndiye mwenye daftari la madeni yangu.

Na tafadhali msiniletee ile ya "hali ni ngumu dunia nzima". Mimi nafanya kazi ofisi ya kutoa mizigo bandarini, dola hunibishia hodi kabla haijafika kwenu. Ushuru wa forodha hupigwa juu ya thamani ya mzigo, na thamani hiyo mara nyingi imeandikwa kwa dola. Septemba 2022 dola ilikuwa kama 120. Januari 2024 ikapita 160. Piga hesabu mwenyewe: mzigo ule ule, asilimia ile ile ya ushuru, lakini mwenye mzigo analipa theluthi zaidi. Hakuna mbunge aliyeinua mkono kupitisha ongezeko hilo. Shilingi ikianguka, kodi hupanda kimya kimya, na anayeimalizia ni mama anayechagua mitumba soko la Kongowea. Baadaye dola ikarudi karibu na 130. Nikangoja bei zirudi nayo. Bado nangoja. Hamri ninalonunua asubuhi limekuwa dogo kiasi kwamba nikimkatia mtoto nusu ananiuliza lingine liko wapi.

Sababu za shilingi kuanguka zilikuwa nyingi, lakini moja tuliiona sote ikija: Eurobond, yaani deni la serikali kwa wawekezaji wa nje, ya dola bilioni 2 iliyokopwa 2014, iliyokuwa inaiva Juni 2024. Wenye dola wakaingiwa hofu kwamba hatuwezi kulipa. Februari tukakopa bilioni 1.5 nyingine, kwa riba kubwa kuliko ile ya kwanza, ili tupunguze deni la zamani. Na tukaambiwa tushangilie.

Sasa siasa, ndipo ninapopandwa na mori. Julai 2022, wiki tatu kabla ya kura, serikali iliyokuwa inaondoka ikatangaza unga wa kilo mbili kwa shilingi 100. Mimi niliuona kwenye televisheni tu. Wakaja Ruto na wenzake wa wilbaro na hadithi za hasla, yaani mnyonge anayejitafutia. Siku moja baada ya kuapishwa, ruzuku ya petroli ikaondolewa. Julai 2023 kodi ya VAT kwenye mafuta ikatoka asilimia 8 hadi 16, na ilipofika Oktoba lita ya petroli Nairobi ilikuwa 217. Mwaka huo huo wapinzani waliingia barabarani na masufuria, wakatwambia wanatupigania sisi.

Halafu wakatokea vijana ambao hawakutumwa na chama chochote. Tarehe 25 Juni 2024 wabunge 195 waliupitisha Mswada wa Fedha, ule wa kuongeza kodi, 106 wakaukataa, na vijana wakapigwa risasi pale pale nje ya Bunge. Kesho yake Rais Ruto akasema hatautia saini. Tukadhani tumeshinda! Mwezi haukupita, wenzetu wa masufuria wakaitwa kwenye Baraza la Mawaziri, na mmoja wao, John Mbadi wa ODM, akateuliwa kushika Wizara ya Fedha. Aliyekuwa akilia nasi bei ya unga, chama chake ndicho leo kinachoshika mkoba wa makusanyo. Desemba zikatiwa saini sheria nyingine za kodi, na baadhi ya yale tuliyoyakataa Juni yamo ndani. Waliokufa hawakuitwa popote.

2027 hiyo inakuja na fulana zimeshaanza kugawiwa mtaani kwetu. Sitaki hapa mambo ya kabila wala ya nani bora kuliko nani. Nataka kila mwenye karatasi ya mshahara ya Juni 2022 aiweke hapa pamoja na ya mwezi huu, afute jina na namba, tuzione. Na ukiwa na mjomba mbunge, mwambie aweke yake.

Feri imefika ng'ambo, nashuka.