Freeze alionewa, au alikuwa mwizi tu?

Mchana Kweupe: Wakuu, jana nimerudia na mwanangu wa miaka tisa ile katuni ya Batman ya 1992, sehemu ya "Heart of Ice". Kwa waliosahau: Victor Fries ni mwanasayansi wa kampuni ya GothCorp. Mkewe Nora anaumwa, tiba haipo, kamgandisha kwenye mtungi wa kioo hadi dawa ipatikane. Bosi wake, Ferris Boyle, anaingia na walinzi, anaamuru mashine zizimwe. Fries anashika bunduki. Boyle anajifanya amekubali, Fries akishusha silaha tu anapigwa teke, anaangukia kemikali. Tangu siku hiyo hawezi kuishi nje ya baridi kali, anageuka mhalifu Mr. Freeze na kumwinda Boyle alipe. Mtoto kaniuliza, "Baba, mbona wamemfunga huyu?" Nimekosa jibu. Nisaidieni.

Hesabu Sawa: Jibu mbona jepesi. Mashine si zake, umeme si wake, hela si zake. Mimi ni mhasibu mwaka wa kumi na saba huu, mali ya ofisi ukiitumia bila idhini umeiba, hata kama unatumia huku unalia. Na tuambizane ukweli, mgonjwa akifika hatua ile unamshukuru Mungu, unazika, unaoa mwingine.

Bi Kisauni: Unaoa mwingine? Yaani umelitamka hivyo hivyo, kama mtu abadilishaye kandambili?

Hesabu Sawa: Dada usinilishe maneno. Nimesema maisha yanaendelea.

Bi Kisauni: Hukusema maisha yanaendelea. Panda juu ukasome ulichoandika.

Kaka Juma wa Pili: Mnamsahau yule kijana wa genge la Freeze mwenyewe. Kagandishwa miguu, bosi wake kamwacha pale pale, Batman ndiye aliyembeba. Na kwenye lile jengo la Boyle alilolivamia mwisho walikuwemo watu ambao hata Nora hawakumjua. Hao nao wamemkosea nini?

Bi Kisauni: Juma subiri kwanza, nina neno na huyu mhasibu. Mama yangu kamuuguza baba miaka sita. Kumgeuza kitandani, kumwogesha, kumlisha uji kwa kijiko. Hakuna aliyemwambia aolewe na mwingine. Ila mwanaume akiuguza miezi miwili tu, ndugu wanaanza kumtafutia.

Kipanga: Mke mnayemgombania ana historia ya ajabu. Freeze alianza kwenye vitabu vya picha mwaka 1959, akiitwa Mr. Zero, mhalifu wa kawaida mwenye bunduki ya barafu. Hakuwa na mke wala kisa. Nora kaletwa na mwandishi Paul Dini kwenye sehemu hii. Halafu 2012 waandishi wengine wakageuza, wakasema Nora si mkewe kamwe, ni mwanamke aliyegandishwa miaka ya 1960 na Victor akamng'ang'ania.

Bi Kisauni: Hayo ya 2012 siyatambui. Mimi namjua yule anayelia mwishoni kwenye seli, kashika kile kidoli cha mcheza dansi kwenye tufe la kioo, anamwomba mkewe msamaha.

Mchana Kweupe: Jamani, Boyle! Usiku ule Freeze anamvamia, yeye alikuwa anatunukiwa tuzo ya utu wema. Huyo ndiye aliyemchanganya mwanangu.

Hesabu Sawa: Boyle alikosea lile teke, nakubali. Kuzima mashine zake hakukosea. Na Batman alimshinda Freeze kwa chai ya moto tu, kwa hiyo hata hiyo nguvu mnayoisifia haikuwepo.

Kipanga: Supu ya kuku. Batman alikuwa na mafua, mtumishi wake Alfred akamwekea kwenye chupa. Kioo cha kofia ya Freeze kilipasuka kwa lile joto.

Dereva wa Usiku: Mhasibu, nikuulize. Mwaka 2014 nilikuwa dereva wa kampuni moja. Saa nane usiku mke wangu kashikwa na pumu, kucha zimekuwa bluu, dawa ya kuvuta imeisha. Gari la ofisi limelala kwangu, funguo zipo mezani, na amri ni kutoliwasha baada ya saa mbili. Nililiwasha. Asubuhi wakasoma kilomita, nikafukuzwa siku hiyo hiyo. Mke yupo hai, ananipikia sasa hivi. Mimi ni mwizi?

Hesabu Sawa: Mafuta uliyarudisha?

Dereva wa Usiku: Lita tano, kwa hela yangu, kabla hawajauliza.

Hesabu Sawa: Pole sana kaka. Hapo walikuonea. Ulistahili barua ya onyo, si kufukuzwa.

Mchana Kweupe: Kwa hiyo Fries naye angelipia umeme asingekuwa mwizi?

Hesabu Sawa: Usichanganye. Gari lilirudi asubuhi. Ile mitambo ingekaa pale miaka mingapi? Nani angejua dawa ingepatikana lini?

Dereva wa Usiku: Mimi nami sikujua kama tungefika hospitali.

Kaka Juma wa Pili: Na yule kijana aliyegandishwa miguu?

Bi Kisauni: Mhasibu, bado nakusubiri kwenye "unaoa mwingine".