Naomba ushauri: modeli moja inaweza kubeba mahitaji na usanifu?

Wakuu, habari zenu. Tunatengeneza programu ya kuongoza ndege, ngazi A (ya juu kabisa) ya DO-178C, kiwango cha programu za ndege, na karibu kila kitu kimechorwa kwenye Simulink, programu ya kuchora modeli. Wenzangu wanataka modeli ileile ihesabike kuwa mahitaji na usanifu pia. Nikisoma DO-331, nyongeza ya DO-178C kuhusu modeli, naona hizo ni modeli mbili tofauti, na ya usanifu lazima iwe na mahitaji yaliyoizaa. Au naisoma kwa ukali mno?

Halafu jenereta yetu ya msimbo (inayogeuza modeli kuwa msimbo) haijathibitishwa kwa DO-330, kiwango cha kuthibitisha zana, kwa hiyo ukaguzi wote wa msimbo unatuangukia sisi, na MC/DC (kipimo cha majaribio kinachotaka kila sharti lionyeshwe kubadili uamuzi peke yake) bado ipo palepale. Waliopitia haya: mahitaji ya juu (yale yanayoizaa modeli ya usanifu) mliyaandika kwa maneno, au mlichora modeli ya pili? Na jenereta iliyothibitishwa inarudisha gharama yake kweli?