Tupeane uzoefu: siku uliposikia "biti yako" kwenye wimbo wa mtu mwingine

Wakuu, nianze na aibu yangu.

Nilitengeneza biti moja (muziki wa kuimbia juu yake), marimba inazunguka mizunguko minne, mwishoni kuna noti inapanda kama swali. Nikalala nikijisifu. Wiki tatu baadaye nimevaa hedifoni, nasikiliza nyimbo zinazojicheza zenyewe, mara marimba ileile. Noti ya swali nayo ipo! Nikajua nimeibiwa. Nikaanza kumwandikia jamaa ujumbe mkali, nimefika aya ya pili, ndipo nikafungua folda kutafuta ushahidi. Jina la faili: marimba_lupu_98_Dm. Nililipakua kwenye paki ya sauti zilizorekodiwa tayari, kama yeye, na lupu ni kipande kinachojirudia. Sikuwa nimebadilisha hata tempo.

Ujumbe nikaufuta. Wewe yalikukuta lini? Na sampuli (kipande cha sauti iliyorekodiwa) ya kununua ukiitumia, unasema wimbo ni wako kuanzia wapi?

Besi Nzito

Pole mkuu, mimi nilifika mbali zaidi, nikadai kabisa. Wakati wa kusambaza wimbo kuna kisanduku cha kuusajili kwenye mfumo unaotambua sauti ndani ya video za watu. Nikaweka tiki bila kusoma. Muda si mrefu mfumo ukaanza kuwaangukia watu ambao hawajawahi kunisikia, kosa lao ni kuwa na lupu ileile ya gitaa. Mmoja aliniandikia: "Hiyo gitaa ulipiga wewe?" Nilikosa jibu.

Maandishi "haina mrabaha" kwenye paki, yaani hulipi tena kila unapoitumia, nilikuwa nayaelewa vibaya. Unaruhusiwa kuweka sauti ndani ya wimbo wako na kuuza wimbo, lakini huuziwi wewe peke yako, na kila aliyenunua ana haki kama yako. Mashine haijui hayo, inalinganisha sauti tu. Nikaondoa madai yote na kuomba radhi mmoja mmoja. Siku hizi wimbo wenye lupu ambayo sijaigusa siusajili huko.

Kidole Kimoja

Mnajichapa viboko bure. Ngoma za Umbrella ya Rihanna, 2007, ni lupu iliyokuja ndani ya GarageBand, programu ya Apple ya kutengenezea muziki, inaitwa Vintage Funk Kit 03. Yeyote mwenye programu ile alikuwa nayo. Mbona hakutoka nayo mwingine?

Rudini nyuma zaidi. Casio MT-40, kinanda kidogo cha 1981, kilikuwa na mdundo wa kubonyeza tu. Aliyeutunga ni mwajiriwa wa kampuni, Hiroko Okuda. Mwaka 1985 vijana wa Jamaika wakaupunguza kasi, Wayne Smith akaimba juu yake, prodyuza King Jammy akaurekodi, na rege ikaingia zama za dijitali. Kitufe kimoja! Mimi nimeuza biti tano mwaka huu, zote zina lupu, na hakuna mteja aliyeniuliza marimba imetoka wapi. Wanauliza kama besi inatikisa gari.

Mkata Vipande

Kidole, usichanganye paki na rekodi ya mtu. Paki unanunua na ruhusa yake. Rekodi ya zamani ina haki mbili, ya ile sauti iliyorekodiwa na ya utunzi wenyewe, na mara nyingi wenyewe ni watu tofauti.

Nilikata sekunde nne za wimbo wa zamani vipande kumi na sita, nikavipanga upya kwenye padi (vitufe vya kupigia sauti) mpaka nikaamini hata mwenyewe hataujua. Mwimbaji akaupenda, akapata wa kumtolea, na swali la kwanza likawa: "Sampuli zimeruhusiwa?" Miezi miwili nikamsaka mwenye rekodi, nikamkosa. Ikabidi mpiga besi apige upya mstari ule, tukabaki na ruhusa ya utunzi tu, ambayo ilipatikana. Cha ajabu, besi mpya ilikuwa tamu kuliko ile niliyoiba. (Ndiyo, nimesema niliiba.)

Kinachoniumiza zaidi ni habari ya Gregory Coleman. Mwaka 1969, akiwa na bendi ya The Winstons, alipiga ngoma peke yake kama sekunde saba. Jungle na drum and bass, mitindo ya muziki wa dansi, zimesimama juu ya sekunde zile. Amefariki 2006, na hakupata mrabaha wowote kwazo.

Mlango Unalia

Lupu sigusi. Kiki na snea (mapigo mazito na makali ya ngoma) moja moja nachukua za paki, hizo ni kama misumari, hakuna fundi anayefua zake. Melodi natengeneza mwenyewe. Nilidondosha funguo mezani, nikarekodi kwa simu, nikashusha oktavu mbili. Ikatoka kengele nzito yenye mkwaruzo kwa mbali. Biti tatu zimetokana na funguo zile.

Kidole Kimoja

Na ile kiki uliyowahi kupika mwenyewe siku tatu kwa kupiga kabati? Ilishindwa na 808, mashine ya ngoma ya 1980.

Mlango Unalia

Ilishindwa, kweli. Ila kabati ni langu.

Mwanzisha uzi

Nimecheka sana. Nimerudi kuwapa mwisho wa marimba yangu. Niliikata yote nikabakiza noti ile ya swali peke yake, nikaigeuza icheze kinyumenyume, nikaivuta mpaka ikawa kama upepo, chini nikapiga besi yangu. Mke wangu, aliyeisikia ile ya kwanza mpaka akachoka, hakuitambua.

Jamaa wa wimbo ule nilimwandikia tena, safari hii kwa adabu, kwamba tumenunua paki moja. Akajibu kwa kicheko na faili moja: ameifanyia nini marimba namba mbili ya paki ileile. Jamani, mimi namba mbili nilikuwa hata sijaifungua.