MREJESHO: Lile swali la boti la Ziwa Viktoria

Ndugu zangu, asanteni sana. Niliuliza juu ya boti inayotoka A kwa uelekeo wa 070° (pembe inayopimwa kutoka kaskazini kufuata mwendo wa saa) kilomita 30 hadi B, kisha 190° kilomita 50 hadi C: tutafute umbali wa AC na uelekeo wa C kutoka A. Nilikuwa nalazimisha Pythagoras, kumbe pembetatu yenyewe haina pembe ya 90°.

Aliyeniambia nichore mshale wa kaskazini kwenye KILA kituo, Mungu ambariki. Nilipochora pale B nikaona: kurudi A ni 070° + 180° = 250°, kwenda C ni 190°, basi pembe ya B ni 60°. Kanuni ya kosaini ikanipa AC² = 30² + 50² − 2 × 30 × 50 × cos 60° = 900 + 2500 − 1500 = 1900, yaani kilomita 43.6. Kwa kanuni ya saini pembe ya A ni 83.4°, hivyo uelekeo wa C kutoka A ni 070° + 83.4° = 153.4°.

Wiki iliyopita swali la namna hiyo likaja kwenye mtihani wa majaribio wa S.4 (kidato cha nne) hapa Jinja, Uganda. Umbali nilipata. Uelekeo nilikosa: waliuliza wa A KUTOKA C, nami nikaandika wa C kutoka A. Ilibidi niongeze 180°, kama hapa ingekuwa 333.4°. Iliniuma kweli. Sasa neno "kutoka" nalizungushia duara kabla ya kushika kikokotoo.