Namtafuta Asali, tuliyekuwa naye Lukaya 1979

Mlenda wa Kigwe
Hamjambo wote. Mimi ni mzee wa Kigwe, siku hizi wilaya ya Bahi, enzi zetu Dodoma Vijijini. Namtafuta mtu ambaye jina lake silijui. Chekeni tu, ila waliopita mgambo watanielewa. Kwenye seksheni yetu hakuna aliyeitwa jina la kwao. Vijana wa Pwani walinisikia siku ya kwanza nikiulizia mlenda wa kulia ugali, basi nikawa Mlenda mpaka Vita vya Kagera vinaisha. Yeye alikuwa Asali. Alipandia treni Itigi na kidumu cha asali kakificha chini ya koti. Tunafika Mwanza kupanda meli ya Bukoba, kidumu kikavu, na behewa zima linamjua kwa jina hilo.

Tulikuwa Brigedi ya 201, ile iliyojaa mgambo. Usiku wa tarehe 10 Machi, pale Lukaya, ndani ya Uganda, Walibya waliokuja kumsaidia Amin walitumiminia makombora. Mengi yalipita juu yetu yakaangukia mbali nyuma, lakini mchunga mbuzi wa Kigwe atajuaje kwamba hayo yamepita? Tulitawanyika. Sioni haya kusema. Mimi na Asali tuliingia kwenye matete, maji ya kiunoni, tukakaa humo hadi karibu na alfajiri.

Asubuhi tuliporudishwa mbele, kipande cha bomu kikanipata juu ya goti. Asali akachana mkono wa shati lake, akanifunga, akanitumbukizia kikombe chake cha bati kwenye mkoba: "Utanirudishia." Nikapakiwa kwenye gari kurudishwa nyuma. Sijamwona tena.

Kikombe ninacho. Kwenye kitako alichora mzinga wa nyuki kwa ncha ya msumari.

Ofisi moja niliyoenda waliniuliza namba yake ya jeshi. Yangu mwenyewe siikumbuki! Mwaka jana nikashuka Itigi, nikawaambia vijana pale stesheni, "Jamani, namtafuta Asali." Kufumba na kufumbua nimezungukwa na chupa sita. Nikanunua mbili, nikarudi zangu Kigwe.

Nianzie wapi?

Mia Mbili na Nane
Kumbe ninyi 201 bado mpo! Sisi wa 208 ndio tuliozunguka usiku kule kaskazini-magharibi tukawatokea wale jamaa ubavuni kabla hakujakucha, wakati ninyi mnahesabu vyura. Mnatudai chai, au tunawadai?

Utani kando, mwenzangu. Nenda kwa mshauri wa mgambo wa wilaya ya Manyoni, si huko kwenu Bahi. Usiulize jina, uliza wazee waliokwenda Kagera kutoka Itigi. Hawatakuwa wengi, tumebaki wa kuhesabika. Halafu tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, wazee hujitokeza hata wasiotoka nyumbani mwaka mzima. Mimi hapa Dodoma mjini nimewapata wawili hivyo hivyo, mmoja alikuwa anauza viazi Majengo na nilikuwa nanunua kwake miaka yote bila kumtambua.

Kagera Kwetu
Shikamooni wazee wangu. Mimi ni wa Muleba, karibu na Kaboya walikozikwa mashujaa wetu. Mzee Mlenda, ukipenda naweza kwenda kumtafuta kule, ila shida ni hiyo hiyo: pale yameandikwa majina halisi. Asali hayumo.

Mlenda wa Kigwe
Marahaba mwanangu. Usiende. Kule sijataka kumtafuta.

Na wewe 208, chai ni juu yenu. Tuliwashikia uwanja.

Mjukuu wa Itigi
Shikamoo babu. Mama yangu ni wa vijiji vya huko ndani, kwa warina asali. Huyo mzee ana alama yoyote? Maana ukisema mrefu mweusi, ni wote.

Mlenda wa Kigwe
Marahaba mjukuu wangu. Hana kidole cha mwisho mkono wa kushoto, kimeishia pingili ya kwanza. Kilikwenda na shoka akichonga mzinga, bado kijana. Na alikuwa akipiga mluzi huku anavuta hewa ndani, sijaona mwingine.

Mjukuu wa Itigi
Nimempigia mama. Babu, wasio na kidole wapo wawili, wote warina asali, na wote anasema walikwenda vitani. Wanakaa vijiji tofauti. Mluzi hajui. Jumapili anakwenda kwenye msiba kijiji cha mmoja wao. Nimpe swali gani amuulize? Nisije nikakuletea Asali wa bandia.

Mia Mbili na Nane
Aulizwe brigedi. Akisema 208, ni mtu mzuri lakini si wenu.

Mlenda wa Kigwe
Asiseme habari ya kikombe, mtu anaweza kusema ndiyo tu kwa heshima. Amuulize hivi: ule usiku kwenye matete, nani alishikwa na kikohozi, na mwenzake alimziba mdomo kwa kitu gani?

Jibu hatulijui ila sisi wawili. Akijibu sawasawa, nakuja na treni.